Uvimbe chini ya kitovu: kisa cha insulini iliyogeuka amiloidi

Mgonjwa ni mama wa miaka sitini na kitu, muuza mahamri na mbaazi wa Majengo, Mombasa. Mambo machache yanayoweza kumtambulisha yamebadilishwa, na mwenyewe ameridhia kisa chake kisimuliwe. Ana kisukari cha aina ya pili na amejidunga insulini kwa miaka 11. Yake ni ile ya mchanganyiko, 70/30 (asilimia 70 ya kufanya kazi polepole, 30 ya haraka), mara mbili kwa siku: alfajiri kabla ya kuinjika karai, na jioni baada ya magharibi. Alianza na yuniti 34 kwa siku. Kufikia mwaka huu alikuwa amefika 78, ilhali uzito wake ni kilo 64, na bado kipimo cha sukari ya miezi mitatu kilisoma asilimia 11.8.

Kliniki zake zilikwenda kwa mtindo mmoja. Kitabu kinafunguliwa, sukari iko juu, anaulizwa amekula nini, dozi inapandishwa, anaambiwa arudi baada ya miezi mitatu. Muuza mahamri akisema yeye mwenyewe hayaonji, nani atamsadiki? Faili lake lina maneno "ashauriwe kuhusu lishe" ukurasa hadi ukurasa. Hakuna palipoandikwa kwamba mtu alimfunua tumbo akaligusa.

Kisha akaugua nimonia, akalazwa. Wodini wauguzi walimpa dozi yake ileile ya nyumbani, ila walimdunga mkononi, kwa sababu mkono ndio uliokuwa karibu. Maambukizi makali kwa kawaida hupandisha sukari, kwa hivyo kila mtu alitarajia iwe juu zaidi. Usiku wa pili alikutwa ametota jasho na anaongea ovyo, mashine ikasoma milimoli 2.3 kwa lita, chini mno. Akawekewa glukosi ya mshipa, akazinduka.

Binti yake alipofika asubuhi alikuwa na jibu tayari. "Si niliwaambia? Ile ya nyumbani imeharibika na joto. Hii ya hapa ni mpya, ndiyo maana imemshusha." Hoja yake haikuwa ya kupuuzwa. Nyumba yao ni ya mabati, friji wanalo la jirani, na stima hupotea wakati wowote. Chupa ya insulini hukaa ndani ya mtungi wa maji pembeni mwa jiko.

Lakini wodini yalibadilika mambo mawili kwa pamoja: chupa, na pahali pa kudungia. Ukibadilisha mambo mawili kwa mpigo huwezi kujua lipi limefanya kazi. Daktari wa zamu alikuwa mtu wa kudadisi, akamwomba mama amwonyeshe anapojidunga nyumbani. Mama akainua kanga, akaweka kidole chini ya kitovu, upande wa kulia. Hapo palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa limau, mgumu, ngozi ya juu yake imekuwa nyeusi kidogo. "Hapa hapaumi, mwanangu," alisema. "Kwengine kote kunauma."

Watu wengi wanaojidunga kwa miaka hupata uvimbe wa mafuta. Insulini yenyewe hukuza seli za mafuta zinazoizunguka, na mtu akirudia pahali pamoja panavimba. Uvimbe wa namna hiyo huwa laini, na mtu akiacha kupadunga hupungua taratibu. Huu haukuwa laini. Ulibonyea kama mpira mgumu na kingo zake zilishikika kwa vidole. Picha ya mawimbi ya sauti ilionyesha kitu kizito chenye mipaka isiyo sawa, kisichofanana na mafuta.

Kabla ya kukata kipande, daktari alifanya jaribio ambalo kwa maoni yangu lina thamani kuliko vipimo vyote vilivyofuata. Alichukua chupa mpya kutoka friji ya wodi. Asubuhi ya kwanza alidunga dozi ndogo juu ya uvimbe; asubuhi ya pili, dozi hiyohiyo kutoka chupa hiyohiyo, pajani. Staftahi ilikuwa moja: vipande viwili vya mkate na chai ya mkandaa isiyo sukari, muuguzi akimpima kila nusu saa. Siku ya uvimbe, sukari ilipanda kutoka 11.2 hadi 17 na ikabaki huko. Siku ya paja, ilianzia 10.6, ikapanda kidogo, na saa tatu baadaye ilikuwa 8.9. Insulini ilikuwa mpya na imetoka kwenye baridi, lakini ilipoingia kwenye uvimbe ilikuwa kana kwamba haikudungwa.

Kipande cha nyama kililetwa kwetu maabara. Chini ya hadubini, kwa rangi za kawaida, kilikuwa ukurasa wa waridi usio na seli, mabonge yamejibana kati ya mafuta na nyuzi za kovu. Ukiwa na haraka ungeandika "kovu" ukafunga faili. Tulikata vipande vingine vinene zaidi, mikromita 8 hadi 10, kwa sababu rangi ya Kongo nyekundu haisemi kitu cha kuaminika kwenye kipande chembamba mno. Tulivipaka rangi hiyo, tukaweka na kipande kingine kutoka akiba yetu ambacho tunajua kina amiloidi, yaani protini iliyojipanga kuwa nyuzi zisizoyeyuka, tukazungusha vichujio viwili vya nuru mpaka vikapingana. Uwanja wote ukawa giza, na mabonge yale peke yake yakawaka kijani cha tofaa bichi. Ukizungusha meza ya hadubini, kijani kinahama na kugeuka njano, kisha kinarudi. Hiyo ni amiloidi. Kipimo cha kingamwili kilichofuata kikaonyesha imeundwa na nini: insulini. Dawa aliyokuwa akijidunga ilikuwa imejenga jiwe mwilini mwake.

Yawezekanaje protini inayoyeyuka vizuri ndani ya chupa ikawa mabonge yasiyoyeyuka ndani ya nyama?

Insulini ni protini ndogo. Ina asidi amino 51, yaani matofali ya protini, katika minyororo miwili, A yenye 21 na B yenye 30, iliyofungwa kwa vifungo vitatu vya salfa. Mpangilio huo ulifumbuliwa na Frederick Sanger, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1958. Umbo lake la pande tatu lilichorwa na Dorothy Hodgkin na wenzake mwaka 1969. Ndani ya kongosho, na ndani ya chupa ya dawa, insulini haikai pwekepweke. Molekuli sita hushikana zikizunguka chembe za zinki, na chupani fenoli na jamaa zake, ambazo kazi yao ya kwanza ni kuua vijidudu, hukaza zaidi fungu hilo la sita. Katika hali hiyo sehemu zinazochukia maji zimefichwa ndani, na protini imetulia.

Fungu la sita halifanyi kazi mwilini. Ili insulini ishike kipokezi chake kwenye seli, lazima fungu livunjike, molekuli ibaki moja moja. Na hata hiyo moja haiwezi kubaki imejikunyata. Kazi ya kimaumbo iliyochapishwa katika muongo wa 2010 ilionyesha kwamba mkia wa mnyororo B hubanduka kutoka kwenye kiini cha molekuli ndipo insulini iingie katika kipokezi chake. Yaani kulegea ni sehemu ya kazi yake. Insulini iliyofungwa kabisa isifunguke ingekaa miaka bila kuharibika, na isingemshusha mtu sukari hata kidogo.

Hatari iko papo hapo. Molekuli pweke, katika joto la mwili, hulegea na kujikaza mara kwa mara. Kwa muda mfupi inakuwa katika hali ya katikati: vifungo vya salfa viko palepale, sehemu kubwa ya mikunjo ipo, lakini mkia umebanduka na kiini kinachochukia maji kimeachwa wazi. Hiyo ndiyo hali tunayoiita iliyokunjika nusu. Ikikutana na nyingine iliyo wazi vivyo hivyo, zinaweza kushikana mahali pasipostahili, na badala ya kujikunja upya zinajinyoosha na kujipanga. Sehemu moja ya mnyororo B, kati ya asidi amino ya 11 na ya 17, ina tabia hii hata ikitengwa peke yake. Matokeo ni uzi ambao ndani yake vipande vya protini vimelala kukingama na urefu wake kama vidato vya ngazi, nafasi kati ya kidato na kidato ikiwa kiasi cha nanomita 0.48. Mpangilio huo ni ule ule katika amiloidi zote, iwe imetokana na insulini, na protini ya ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer, au na protini ya damu iliyojikusanya moyoni. Ndiyo maana rangi moja inazitambua zote.

David Waugh alieleza nyuzi za insulini tangu miaka ya 1940, alipoipasha moto ndani ya asidi. Zaidi ya nusu karne baadaye, mwaka 2001, Vladimir Uversky, Anthony Fink na wenzao huko California walifuatilia hatua zake na kuonyesha kwamba njia ya kufikia uzi hupitia molekuli pweke iliyokunjika nusu, na kwamba chochote kinachoongeza idadi ya molekuli za hali hiyo huharakisha uzi, na chochote kinachoimarisha fungu la sita hukawiza. Nauona huu ndio ufunguo wa kisa chetu. Wengi hufikiri protini "huharibika" kama maziwa, zima na bovu, basi. Katika protini nyingi zilizochunguzwa nyuzi hutoka kwa wingi pale umbo linapokuwa limelegea bila kufumuka lote. Aliye mzima ametulia, aliyefumuka kabisa hana mshiko. Mwenye balaa ni wa katikati.

Ushahidi haukutoka kwa insulini peke yake. Kuna familia zilizorithi kasoro moja tu katika lisozaimu, kimeng'enya cha kawaida cha mate na machozi, na viungo vyao vya ndani vikajaa amiloidi. Kundi la Christopher Dobson na Mark Pepys lilionyesha mwaka 1997 kwamba lisozaimu hiyo hujikunja sawa na hufanya kazi, ila haikai imara: mara kwa mara hufunguka nusu. Katika transithairetini, protini inayobeba homoni ya thairoidi, Jeffery Kelly alionyesha mwaka 1992 kwamba kulegezwa kiasi kwa asidi kunatosha kuanzisha amiloidi. Matokeo ya kazi hiyo ni dawa, tafamidis, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2011. Tafamidis haiyeyushi amiloidi hata chembe. Inaikamata protini ikiwa bado imekunjwa sawasawa na kuizuia isiachie. Zinki na fenoli za chupani zinafanya kazi ya namna hiyo kwa insulini.

Turudi chini ya kitovu cha mama. Kila sindano inapoingia, fenoli husambaa na kuondoka upesi, insulini inachanganyika na majimaji ya mwili, fungu la sita linaachana, na joto ni 37. Hayo hutokea kwa kila mtu anayejidunga, na hayana madhara, kwa kuwa insulini hunyonywa na kwenda zake kabla nyuzi hazijapata kiini cha kuanzia. Kuunda kiini ndiyo hatua ngumu. Katika bomba la maabara unaweza kungoja muda mrefu bila kuona kitu, kisha ghafla nyuzi zikafumka. Lakini uzi ukishakuwepo, ngoja hiyo haipo tena. Ncha zake na ubavu wake huvuta molekuli zilizokunjika nusu na kuzigeuza. Sasa chukua mtu anayeleta insulini mbichi pahali palepale, asubuhi na jioni, kwa miaka. Siku kiini cha kwanza kitakapopatikana, kila sindano inayofuata ni chakula chake. Na kwa kuwa insulini haipenyi kirahisi kutoka ndani ya bonge, inakawia humo zaidi, na kinachokawia kinapata nafasi ya kugeuka. Kadiri dozi ilivyopandishwa kliniki, ndivyo bonge lilivyolishwa.

Kisa cha kwanza cha binadamu kilichapishwa mwaka 1983, enzi za insulini ya nguruwe. Wako waliodhani insulini ya binadamu inayotengenezwa kwa bakteria ingemaliza tatizo, haikulimaliza. Mwaka 2014 madaktari wa Japani walipima kiasi kinachofika damuni kutoka kwenye mabonge haya, wakakuta ni kama asilimia 34 ya kile kinachofika kutoka pahali pazima. Kwa mama yetu hesabu hiyo inatosha kueleza usiku wa 2.3. Theluthi ya 78 ni 26. Alikuwa akiishi kwa kama yuniti 26 na sukari yake ilikuwa juu kwa haki. Wodini, mkononi, alipata 78 zote.

Na joto, je? Hapa binti hakukosea kabisa, na nisingependa msomaji aondoke akidhani mtungi na jiko si neno. Joto huongeza idadi ya molekuli zilizolegea. Kutikisa ni kubaya zaidi ya wengi wanavyodhani: kila povu ni uso mpya kati ya hewa na maji, na insulini hupenda kukaa kwenye uso huo, ikafunguka umbo lake hapo. Pampu za mwanzo za insulini, zilizobeba dawa kwenye joto la mwili huku ikisukwasukwa mchana kutwa, ziliziba mirija kwa nyuzi hizi. Insulini ya maji safi ikianza ukungu, au chupa ikishika kitu kama barafu nyembamba kwenye kuta, itupwe. Insulini ya 70/30 inasumbua zaidi kwa sababu ni nyeupe tangu kiwandani. Hiyo tazama kama ina vipande visivyochanganyika baada ya kuviringishwa polepole kati ya viganja. Isitikiswe. Chupa ya mama tuliitazama kwenye mwanga na haikuwa na vipande.

Lakini joto peke yake limelaumiwa kupita kiasi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva pamoja na Madaktari Wasio na Mipaka walirekodi joto halisi la nyumba katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kaskazini mashariki mwa Kenya, ambako insulini hupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Walirudia mzunguko huo maabara kwa wiki nne na kuchapisha mwaka 2021: nguvu ya insulini haikupungua zaidi ya asilimia 1. Fungu la sita lilihimili. Jambo hili lina uzito hapa pwani, ambako watu wasio na friji wameambiwa kwa miaka kwamba insulini si yao. Tahadhari moja kwa wa Mombasa: mtungi hupoza kwa maji kukauka nje yake, na hewa yetu imejaa unyevu, hasa Machi kabla ya mvua za masika. Mtungi unaofanya maajabu Garissa hautafanya hayo Majengo. Bado ni bora kuliko meza, mradi usiwekwe karibu na karai la mafuta yanayochemka. Jiko linazidi nyuzi 37 bila taabu, na utafiti ule haukufika huko.

Mama aliruhusiwa kwenda nyumbani na yuniti 36 kwa siku, chini ya nusu ya zile za zamani. Hili ndilo jambo la haraka kuliko yote katika kisa hiki: ukimwambia mgonjwa mwenye bonge la amiloidi ahamishe sindano bila kumpunguzia dozi, unaweza kumuua usingizini. Alichorewa ramani ya tumbo na mapaja, sehemu nne, wiki moja moja, kila sindano iwe mbali na ya jana kwa upana wa kidole, na sindano mpya kila mara inapowezekana. Alilalamika kwamba mapaja yanauma. Ni kweli yanauma; bonge halikuuma kwa sababu halikuwa na uhai wa kuhisi.

Binti aliuliza swali ambalo kila jamaa huuliza baada ya kusikia amiloidi na Alzheimer katika sentensi moja: je, litapanda kichwani, au moyoni? Hapana. Amiloidi ya insulini hukaa ilipodungwa, kwa kuwa hapo tu ndipo penye insulini nyingi kiasi cha kuilisha.

Baada ya miezi mitatu kipimo kilisoma asilimia 8.1, kwa yuniti 40. Uvimbe ulikuwa vilevile, haujapungua hata kidogo. Ungekuwa wa mafuta ungekuwa umeanza kunywea. Daktari wa upasuaji alijitolea kuukata. Mama alimwuliza kama utamdhuru ukiachwa, akaambiwa hautamdhuru mradi asiudunge tena. Akasema basi ubaki, Ramadhani iko karibu na yeye hana muda wa kulala hospitali. Tumeandika kwenye jalada la faili lake, kwa wino mwekundu, mahali ulipo na kwa nini pasidungwe. Na kwenye fomu ya kliniki sasa kuna mstari mmoja mpya, baada ya ule wa lishe: tumbo limepapaswa, ndiyo au la.